Reli Inayoishia Getini kwa Kiwanda

Mwezi uliopita niligusia kwa mstari mmoja tu vile vipande vya reli vinavyochomoka njia kuu na kuingia uani mwa kiwanda hapa Dar es Salaam. Nikadhani nimepita. Simu haijapoa tangu siku hiyo. Nimechagua maswali tisa. Mengine yalikuwa ugomvi wa madereva wa malori na watu wa reli, nayo nimeyaacha yalale. Kwa wasionijua: nilikuwa mtu wa yadi. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa kupanga mabehewa, kuyakata na kuyaunga, kazi tuliyoiita kushanti. Siku hizi nashanti maneno.

Shikamoo mzee. Nakaa Tabata Relini. Babu yangu anashikilia kwamba reli hii inayokwenda Ubungo ilikuwa ya viwanda, si ya abiria. Sisi tunaijua ni ya treni ya Mwakyembe. Nani mkweli? (Kijana wa Tabata)

Marahaba mwanangu. Mwamini babu.

Treni ya abiria ya jijini ilianza Oktoba 2012, Waziri wa Uchukuzi akiwa Dk. Harrison Mwakyembe, ndiyo maana watu wakaibatiza jina lake. Ziliandaliwa safari mbili: moja ilitumia reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, nyingine ikatoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kupitia hapo kwenu. Lakini vyuma vile abiria walivikuta. Jina la kituo cha mwisho lenyewe linakwambia: Ubungo Maziwa, kwa sababu palikuwa na kiwanda cha maziwa. Jirani yake Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China, na UFI waliokuwa wakifua majembe. Wakati huo ukisema Ubungo, mtu alifikiri ving'ora vya zamu, si mabasi ya mikoani.

Hapa niweke majina sawasawa, maana yatarudi chini. Njia kuu ni ile inayokwenda bara: Morogoro, Tabora, Kigoma. Tawi ni kipande kinachoachana na njia kuu kikahudumia eneo, kama hilo lenu. Saidingi ni kipande kinachoachana na tawi au njia kuu kikaingia kwa mteja mmoja, ghalani au uani, kikafia hapo. Katika nchi nyingine tawi zima pamoja na saidingi zake huwa mikononi mwa kampuni ndogo inayojitegemea: kichwa kimoja au viwili vya treni, wafanyakazi wachache, wateja wanaojulikana kwa majina. Hiyo ndiyo reli fupi.

Nina kinu cha unga Vingunguti. Reli naiona kwa dirisha la ofisi, na kila siku nalipa malori. Kwa nini nisiombe waingize reli uani kwangu? (Mwenye kinu)

Ndugu yangu, kabla ya kuomba reli niambie unga wako unakwenda wapi.

Ukiniambia unakwenda Mbagala, Manzese na Tegeta, kaa na malori yako, tena hayo madogo. Ukiniambia unachotaka ni kuleta ngano kutoka bandarini, bado nitakwambia kaa na malori. Bandari na Vingunguti ni kama kilomita kumi hivi. Kwa umbali huo behewa litapakiwa, litasubiri kuungwa, litasubiri nafasi ya njia, litavutwa, litakatwa, litasukumwa ndani, ndipo lipakuliwe. Lori litakuwa limekwenda na kurudi mara tatu na dereva ameshakunywa chai. Watu wengi hawalioni hili: reli fupi haiishi kwa safari fupi. Inaishi kwa kuwa mwanzo au mwisho wa safari ndefu.

Sasa kama una wateja Tabora, Mwanza au Kigoma, tunaweza kuzungumza. Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Piga hesabu ya kawaida tu. Lori kubwa hubeba kama tani 30. Behewa la reli yetu ya zamani hubeba kama tani 40. Mabehewa 20 ni tani 800, yaani malori 27, madereva 27, na vituo vya mizani kila mmoja kwa zamu yake. Treni hiyo inavutwa na dereva mmoja na msaidizi wake. Chuma kinachoviringika juu ya chuma hakina ubishi kama tairi juu ya lami, kwa hiyo kila tani inakula mafuta kidogo.

Lakini tani 800 si zako peke yako. Hapo ndipo ndoto za saidingi nyingi zinapofia. Kwa desturi kiwanda ndicho hulipia saidingi yake: swichi ya kuchomokea njia kuu, mataruma yanayolazwa chini ya vyuma, kokoto, kazi ya kusawazisha, na matengenezo ya kila mwaka. Ukituma behewa moja kwa wiki, hutazirudisha hizo fedha mpaka wajukuu. Ukitafuta majirani saba au wanane wa Barabara ya Nyerere, mwenye nondo, mwenye mabati, mwenye sabuni, mwenye mafuta ya kula, mkachangia kipande kimoja chenye jukwaa moja la kupakilia, hesabu inageuka. Tena ndivyo reli fupi inavyopata wateja: si kwa kumpata tajiri mmoja, bali kwa kukusanya wa kati.

Na kuna jambo jingine, ambalo hakuna anayependa kuliandika kwenye mpango wa biashara. Je, una watu wa kupakua behewa ndani ya siku moja, hata likiingia usiku, hata ikiwa sikukuu?

Naliuliza hili kwa sababu ya masika fulani. Tulipeleka mabehewa sita ya mbolea kwa mteja mmoja. Simtaji, na pale siku hizi pana shughuli nyingine kabisa. Ghala lake lilikuwa limejaa na paa linavuja. Akafanya nini? Akayaacha mabehewa palepale na kuyatumia kama ghala, anachota mifuko kidogo kidogo kadiri wanunuzi walivyokuja. Siku ya kumi na tisa nilikwenda mwenyewe kuangalia. Nikamkuta mlinzi ameweka kiti na redio ndani ya behewa la tatu, amepachika na kioo cha kunyolea ndevu. Akanikaribisha. Wakati huohuo huko bara kulikuwa na mtu ana pamba imepangwa jukwaani, analia hana mabehewa.

Nilipofuatilia nikagundua kwamba mteja wetu hakuwa mjinga hata kidogo. Tozo ya kuchelewesha behewa ilikuwa nafuu kuliko kodi ya ghala. Angepakua kwa lipi? Kosa lilikuwa letu tuliopanga bei. Reli ndogo yoyote itakayoanzishwa Dar es Salaam itaishi au itakufa kwa karatasi ile ya tozo kabla hata ya kununua kichwa cha treni.

Kiwandani kwetu reli bado imo ndani na mara mojamoja behewa huingia. Likikaa vibaya tunalisukuma kwa foklifti. Fundi mkuu anasema ni kawaida. Mimi ndiye dereva wa hiyo foklifti na nafsi inanisuta. (Dereva, Chang'ombe)

Nafsi yako ina akili kuliko fundi mkuu. Acha leo.

Foklifti imeumbwa kuinua, haikuumbwa kusukuma kitu kinachoviringika. Behewa lililojaa lina tani zaidi ya hamsini ukijumlisha uzito wake lenyewe. Kuanza kusogea ni shida, lakini kusimama ni shida zaidi, na wewe huna breki juu yake. Zamani tulikuwa na mtaimbo maalumu, ncha yake imepinda, unauchomeka kati ya gurudumu na reli na kulisogeza behewa kwa unyayo mmoja mmoja. Wakati huo mwenzako yuko kwenye breki ya mkono ya behewa, na mwingine amesimama na kabari tayari. Watu watatu, hakuna anayecheka, hakuna aliye mbele ya behewa. Kama mzigo ni mzito kuliko mtaimbo, unaita kichwa cha treni na kusubiri. Subira hiyo ndiyo inayowaudhi mameneja.

Mtu huniambia, "Mzee, uwanja wetu tambarare." Hakuna uwanja tambarare. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita hauonekani kwa macho, chai haimwagiki kikombeni, lakini behewa linauona. 

Sikiliza kisa hiki, maana kinahusu hasa kampuni ndogo ya reli. Julai 2013, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, treni ya kampuni ya Montreal, Maine and Atlantic ilikuwa na mabehewa 72 ya mafuta ghafi. Mfanyakazi alikuwa mmoja tu, peke yake. Akaiegesha usiku juu ya mteremko, sehemu inayoitwa Nantes, akafunga breki za mkono chache, nyingine zikashikiliwa na upepo wa injini iliyoachwa ikiunguruma. Baadaye injini ile ikashika moto. Zimamoto wakaja, wakauzima moto pamoja na injini yenyewe. Upepo ukavuja taratibu. Breki za mkono zilizobaki hazikutosha. Treni ikaanza kushuka bila mtu, ikaenda kama kilomita 11 na kuingia katikati ya mji wa Lac-Mégantic, ikaacha reli na kulipuka. Watu 47 walikufa.

Na sisi tusijifanye ni mambo ya Wazungu. Juni 24, 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni yetu ya abiria ilishindwa mlima, breki zikaikatalia, ikarudi nyuma hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nilikuwa kazini siku ile hapa Dar. Yadi nzima ilinyamaza, na kwa siku kadhaa kila mtu alikuwa anafunga breki ya mkono kisha anarudi kuigusa tena.

Mwonyeshe fundi mkuu ukurasa huu. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyesema.

Kwa nini behewa la TAZARA lisiingie kwenye saidingi ya reli ya kati wakati njia zote ziko hapahapa mjini? (Msomaji wa Keko)

Kwa sababu ya milimita 67.

Reli ya kati ilianzwa na Wajerumani mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wao walichagua upana wa mita moja kamili, milimita 1,000, kutoka ndani ya reli moja hadi ndani ya nyingine. TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo na wataalamu kutoka China, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Huko Zambia reli zilikwishakuwapo kwa upana wa milimita 1,067, uleule unaotumika kusini mwa Afrika. Lengo la TAZARA lilikuwa shaba ya Zambia ifike Dar bila kupita kusini kwa makaburu, kwa hiyo ilibidi ifanane na Zambia, si na sisi. Halafu ikaja SGR, ile reli mpya ya kisasa, yenye milimita 1,435. Jiji moja, bandari moja, vipimo vitatu.

Fundi mmoja aliwahi kuniuliza: si tuchomeke reli ya tatu pembeni, njia moja itumike na zote mbili? Kati ya 1,000 na 1,435 inawezekana. Kati ya 1,000 na 1,067 haiwezekani, kwa sababu milimita 67 ni kama vidole vitatu na nusu, na kitako cha chuma cha reli kinazidi hapo. Hakuna mahali pa kuweka hiyo ya tatu. Unahitaji vyuma vinne, na swichi zake ni kichwa kinachouma.

Ndiyo maana mwaka 1998 kikawekwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, mahali ambapo reli hizo mbili zinakaribiana huko Morogoro. Mzigo unashuka kwenye behewa moja na kupanda jingine. Kwa makontena ni kazi ya kuvumilika. Kwa magunia ni adhabu.

Kwa hiyo anayeota kuanzisha reli fupi Dar es Salaam, swali lake la kwanza si fedha. Ni upana gani. Akichagua 1,000 amechagua wateja wa Tabora, Mwanza na Kigoma. Akichagua 1,067 amechagua Mbeya na Zambia. Huwezi kuwachumbia wote kwa gurudumu moja.

Mwalimu wetu chuoni alisema Marekani kuna kampuni ndogo za reli zipatazo mia sita. Zinaishije, na kwa nini hapa hatuna hata moja? (Mwanafunzi, Mabibo)

Mwalimu yuko sahihi. Ni kama 600, na zote pamoja zina njia zipatazo kilomita 80,000, karibu theluthi moja ya reli zote za nchi ile. Nyingi zilizaliwa baada ya Oktoba 1980, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iitwayo Staggers. Kabla yake kampuni kubwa za reli zilikuwa zimefungwa mikono: bei zinapangiwa, na tawi lisilolipa ni vigumu kulifunga. Sheria ikazilegezea. Zikaanza kuuza na kukodisha matawi yao, na badala ya kung'olewa, mengi yakachukuliwa na watu wadogo.

Mtu mdogo anapataje faida pale mkubwa aliposhindwa? Ana watu wachache. Anayeendesha asubuhi ndiye anayekaza boliti mchana na kupokea simu jioni. Treni haikimbii, kwa hiyo njia haihitaji kuwa ya kifahari. Na anamjua mteja: akiambiwa leta behewa Alhamisi, analeta Alhamisi. Halafu kwa kila behewa analolikabidhi njia kuu anapata sehemu yake ya nauli.

Nitakupa mifano miwili, maana ni mizuri. Genesee and Wyoming ilianza 1899 katika jimbo la New York ikiwa na kipande cha kilomita zipatazo 23 na kazi moja: kubeba chumvi ya mgodi wa Retsof. Mteja mmoja tu. Mwaka 1994 mgodi ukaporomoka na kujaa maji. Kampuni ingekufa siku hiyo, ila ilikuwa imekwisha kununua vipande vingine kwingineko. Leo inamiliki reli fupi zaidi ya mia moja. Mfano wa pili ni Strasburg huko Pennsylvania, iliyopewa hati yake mwaka 1832. Njia yake haizidi kilomita saba, fupi kuliko daladala ya Gongo la Mboto. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa taabani. Wapenzi wa reli wakaichangia, wakaanza kupandisha watalii kwa treni ya mvuke, na mpaka leo inabeba watalii na mizigo.

Sasa usinielewe vibaya. Wale walinunua vyuma vilivyokwisha lazwa, vyenye wateja, vilivyoungana na njia kuu inayopitisha treni kila siku. Hapa saidingi nyingi zilikufa pamoja na viwanda zilivyovihudumia, na njia kuu yenyewe imekuwa ikiugua kwa vipindi. Kisheria mlango haukufungwa: Sheria ya Reli ya 2017 inatambua mwendeshaji asiye serikali, na TAZARA imekwisha kuruhusu treni za kampuni binafsi kupita kwa kulipia njia. Lakini kupita njia kuu na treni ndefu ni jambo moja. Kuzunguka Vingunguti na Kipawa kila asubuhi kukusanya mabehewa mawili hapa, matatu pale, ni jambo jingine, na kwa hilo sijamwona bado mtu aliyekunja mikono ya shati. Nadhani atakayefaulu hatakuwa mtu wa reli. Atakuwa mtu wa maghala.

Nauza chakula karibu na reli Buguruni. Treni ya mizigo inapita polepole mno, vijana wanadandia. Si inaweza kusimama haraka ikiona mtu? (Mama lishe)

Haiwezi, mama. Inakwenda pole lakini nyuma yake kuna mamia ya tani zinazosukuma. Dereva akivuta breki zote, treni haisimami papo hapo, inaendelea kuteleza kwanza. Na ikiwa inasukuma mabehewa kuingia saidingi ni mbaya zaidi, maana dereva yuko nyuma na hakuoni kabisa. Anategemea ishara ya mtu wa yadi. Watoto wakae huku kwenye sufuria.

Nimenunua kiwanja upande wa Mabibo. Fundi amechimba msingi akakuta vyuma vya reli na vibamba vizito vya chuma vimelala chini. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshaleta mizani. Niuze? (Msomaji aliyeomba asitajwe eneo lake zaidi)

Usiuze hata kimoja, na mwambie fundi aweke chini sururu.

Hivyo vibamba ni mataruma. Reli yetu ya zamani ilitumia sana mataruma ya chuma badala ya mbao, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawana adabu. TAZARA walimwaga ya zege, SGR pia ni zege. Ya chuma yamewaponza wengi, maana kila moja ni kilo nyingi kwa mnunuzi wa chakavu, na taruma likiibwa leo treni inaanguka kesho. Kukutwa na mali ya reli ni kesi, hata kama umeikuta ardhini. Polisi hawatakuuliza fundi alichimba vipi.

Lakini vyuma ndiyo shida yako ndogo. Kubwa ni kwamba huenda umenunua saidingi. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, vijijini 30, na reli kutotumika hakumaanishi hifadhi imekufa. Aliyekuuzia anaweza kuwa na karatasi nzuri ya serikali ya mtaa yenye muhuri na bado ikawa haina nguvu. Nenda Shirika la Reli na ramani yako kabla ya kupandisha ukuta. Watu waliopigiwa alama ya X ya kubomolewa wakati wa ujenzi wa SGR watakusimulia yaliyowapata waliosubiri.

Nisiwe mkali kwako tu. Mimi nalilia ardhi hiyo kuliko vyuma. Chuma unaweza kununua kingine. Njia ya upana wa mita thelathini inayokatiza katikati ya jiji mpaka bandarini, ukishaijengea vibanda, baa na ukumbi wa harusi, huipati tena kwa bei yoyote.

Hiyo SGR si ndiyo suluhisho? Kwa nini tuhangaike na vipande vya zamani? (Msomaji, Kigamboni)

Simama Stesheni uitazame inavyoondoka. Kutoka pale hadi Ilala inapita juu ya daraja. Treni iliyo ghorofani haiwezi kuingia getini kwa kiwanda cha sabuni. Ilijengwa kwa mwendo na uzito, abiria kilomita 160 kwa saa, mizigo 120, na kitu cha namna hiyo hakisimami kila kona kuokota behewa moja.

Mpango wake ni mwingine: mizigo ikusanyike Kwala, mkoani Pwani, kama kilomita 90 kutoka hapa. Bandari kavu ya Kwala na safari za mizigo za SGR zilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 31, 2025, na pembeni yake viwanda vinajengwa. Yaani badala ya reli kufuata kiwanda, kiwanda kinafuata reli. Kwa wapya ni sawa kabisa. Mwenye kinu wetu wa Vingunguti, mwenye mashine zilizofungwa kwenye zege tangu enzi za baba yake, bado yuko pale dirishani anaangalia reli.

Mdogo wangu wa darasa la nne aliona treni inasukuma mabehewa badala ya kuyavuta. Anasema dereva amekosea. Nimjibu nini? (Dada yake, Gongo la Mboto)

Swali bora kuliko yote ya leo, na nimelihifadhi makusudi.

Mwambie dereva hajakosea. Saidingi ina mlango mmoja, upande wa pili imeziba. Kichwa kikiingia kwanza na kuvuta mabehewa nyuma yake, kitajikuta kimebanwa kati ya ukuta na mabehewa, hakina pa kutokea mpaka kiwanda kipakue na aje mwenzake kuyatoa. Kwa hiyo mabehewa hutangulia, kichwa hubaki nyuma upande wa mlango. Kinasukuma, kinakata, kinaondoka.

Asiporidhika, achore mezani kwa chaki mstari mrefu, na mstari mfupi unaochepuka upande wa mbele na kuishia kwenye kikombe. Achukue viberiti vitatu vya mabehewa na kimoja chekundu cha kichwa, kichwa kikiwa mbele kinavuta. Kazi: aache viberiti vitatu ndani ya mstari mfupi, kichwa kibaki huru nje, bila kunyanyua chochote kwa mkono. Atahangaika, kisha atagundua hawezi mpaka achore njia ya pili ya kupishania kando ya mstari mrefu, kichwa kizunguke kikae nyuma. Kila kichwa kinapogeuza mwelekeo ahesabu mara moja. Anitumie hesabu yake kwa simu yako. Yangu ninayo, nimeiandika nyuma ya kalenda.